Fundi karabai

Karabai, ile taa ya mafuta ya kupampu, ikiwa nzima hutoa sauti moja iliyonyooka, shiii, kama mvua ya mbali juu ya bati. Ikianza kukohoa, ujue tundu la mafuta limeziba. Sauti ikififia hata ukipampu, washa, kile kiduara cha ngozi ndani ya pampu, imekauka na haisukumi upepo. Ikitoa ulimi wa njano na moshi, mafuta hayajapata moto wa kutosha kugeuka mvuke. Niliweza kukaa nimewapa wavuvi mgongo, namalizia ugali wangu, nikasema, "Hiyo ya tatu ilete hapa," bila kugeuka. Zaidi ya miaka kumi na tano nilikula kwa sikio hilo, kwenye mwalo mmoja, yaani ufuko wa kushushia samaki, wa kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Victoria.

Kwa asiyelijua ziwa: dagaa huvuliwa usiku, na huvuliwa kwa taa. Taa huwekwa juu ya maboya majini, dagaa wanaufuata mwanga, wavuvi wanazungusha wavu. Mbalamwezi ikitoka taa haifai kitu, maana ziwa lote lina mwanga, kwa hiyo kazi inakwenda kwa mwezi wa angani na si ule wa kalenda ya ukutani. Kipindi cha kazi tunakiita giza. "Giza hili umepata?" "Nitakulipa giza lijalo." Madeni, ada za shule, mahari, hata ugomvi wa nyumbani kwetu vilihesabiwa kwa giza.

Mtumbwi mmoja ulibeba karabai nne, mwingine sita, na kila moja ilikunywa lita moja na kitu ya mafuta ya taa mpaka alfajiri. Mawimbi yakirusha tone moja kwenye kioo cha moto, kioo kinapasuka. Upepo ukikaza, utambi ule unaofanana na soksi ndogo unapukutika kama majivu. Ndiyo maana sikukosa kazi. Washa za pampu nilizikata mwenyewe kwenye ngozi ya viatu vilivyochoka, nikazilainisha kwa mafuta. Nilikuwa na kijana wa kusafisha matangi. Pembeni yangu alikaa mama mmoja na pipa lake la mafuta ya taa, faneli na kopo la kupimia, na ng'ambo ya njia kulikuwa na duka la vioo na tambi. Hakuna aliyekuwa na mkataba wala barua ya ajira, lakini kila saa kumi jioni ungetuhesabu hapo, na kila mtu alijua anachokifanya.

Ukifika Mwanza mjini, pita Makoroboi. Jina hilo linatokana na koroboi, vile vitaa vya makopo ambavyo mafundi wa bati walikuwa wakivitengeneza pale chini ya mawe. Siku hizi nikipita naona jina limebaki kuliko vitaa vyenyewe, na kila mara najiuliza wale mafundi walikwenda wapi. Mtu hakuandika.

Mwaka 2011 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa. Sababu ilikuwa uchakachuaji: mafuta ya taa yalikuwa na bei ya chini sana kuliko dizeli, wajanja wakayachanganya, magari ya watu yakafa injini. Dawa ikawa kuzisogeza bei zikaribiane. Kwa wenye magari ilikuwa habari njema. Kwetu mwaloni, tajiri mwenye mitumbwi mitano alikaa na daftari usiku kucha, asubuhi akatoka na sura ya mtu aliyefiwa. Mafuta yalikuwa yameanza kula nusu ya samaki.

Hapo ndipo taa za sola zilipopata mlango. Sisemi zililetwa na mapenzi ya mazingira. Kwenye mwalo wetu sijamsikia mvuvi hata mmoja aliyeacha karabai kwa ajili ya hali ya hewa ya dunia. Waliacha kwa sababu ya bei, na kwa sababu wanunuzi wa soko la Mwaloni, pale Kirumba, walikuwa wakivuta harufu ya gunia na kulisukuma pembeni: "Hawa wananuka mafuta ya taa."

Mimi nilicheka. Taa ya kwanza niliyoletewa ilikuwa ya kichina, nyeupe kama ya hospitali. Nikawaambia wavuvi dagaa hawaupendi mwanga baridi, wanapenda wa njano wenye joto. Nilisema kwa uhakika wa mtu anayetetea ugali wake. Wengi wakakubaliana nami giza moja, mawili. Halafu mtumbwi mmoja ukarudi umejaa, na taa zake zote zilikuwa nyeupe. Giza lililofuata watu hawakuniuliza tena.

Basi nikasema, kama ni taa, mimi ndiye mtu wa taa. Nikapanda meli kwenda Mwanza, nikanunua vifaa vya taa kumi na moja: taa za wati 6, betri ndogo za maji ya asidi za volti 12 ampea 7 zile za kufungwa, na paneli za wati 10. Nikaziunga mwenyewe. Zilipendeza. Tajiri akanilipa nusu mkononi na nusu akaahidi mwisho wa giza.

Usiku wa kwanza ziliwaka mpaka asubuhi, na mimi nikalala usingizi wa mshindi. Wiki haikuisha, zikaanza kufifia saa tisa usiku, wakati ule ule dagaa wanapokusanyika vizuri. Mbalamwezi ikaingia, betri zikapumzika juani, nikadhani zimepona. Giza la pili zikazima saa saba. Giza la tatu hazikuwaka kabisa. Tajiri alikuja kibandani hana hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Akaweka betri moja mezani akasema, "Fundi, hii nayo iweke sikioni uniambie inaumwa nini."

Sikujua. Nilirudisha pesa zake kwa giza nne.

Kuna mpango wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wa kuwapima mafundi waliojifunzia kazini na kuwapa cheti kwa ujuzi walionao, na nawajua waashi na mafundi magari ambao umewafungulia milango. Mimi shida yangu ilikuwa nyingine. Sikuhitaji karatasi ya nilichokijua, nilihitaji kuambiwa nilichokosea. Nikaomba nafasi kwenye kozi fupi ya sola mjini Mwanza, miezi mitatu.

Watu wakizungumza habari ya kuwafundisha upya wafanyakazi huanza na ada. Ada ni kitu kidogo. Mimi niliilipa kwa mbuzi wawili. Gharama yenyewe ni giza tatu bila kuwa mwaloni. Mteja wa mwalo akikukosa mara mbili anamtafuta mwingine, na huyo mwingine anakuwa fundi wake. Mke wangu alibeba nyumba kwa muhogo na vitumbua. Kila Jumapili nilipopiga simu aliniambia "tupo salama" kwa namna ambayo niliielewa. Kama kuna mtu anapanga mafunzo ya namna hii na fedha yake ni chache, namshauri aache fulana na mabegi, ampe mwanafunzi mwenye familia kilo za unga.

Darasani tulikuwa ishirini na kitu, wengi vijana waliotoka kidato cha nne, wananiita mzee. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza. Siku ya tatu mwalimu alikuwa akieleza volti na ampea, vijana wanaandika, na mimi nimekaa kama gogo. Nikanyoosha mkono nikauliza, "Mwalimu, volti ndiyo upepo niliopampu kwenye tangi, na ampea ndiyo mafuta yanayopita kwenye tundu?" Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Alinyamaza kidogo, kisha akaniita mbele akanipa chaki, akaniambia nichore karabai na kueleza kila kiungo. Nikachora. Tundu likiwa jembamba, mafuta yanapita machache hata ukipampu sana: ndiyo ukinzani. Tangi likiwa dogo, hata upepo ukiwa mwingi halifiki asubuhi: ndiyo ukubwa wa betri. Tangu siku ile nilikuwa naelewa, na namshukuru mwalimu yule kuliko somo lenyewe, kwa sababu angeweza kuniambia nisahau ya karabai nianze upya. Ningeondoka siku hiyo hiyo.

Jioni yake nilikaa bwenini na kalamu. Betri ya volti 12 ampea 7 (maana yake ampea-saa): zidisha, unapata wati-saa 84. Betri ya asidi haitaki ushuke chini ya nusu, kwa hiyo halali yangu ilikuwa 42. Taa ya wati 6 kwa saa 10 inakula 60. Paneli ya wati 10 kwa saa tano za jua zuri inaleta 50, tena siku isiyo na mawingu. Nilikuwa nimewauzia watu nyumba inayoingiza 50 na kula 60 kila siku, na akiba yenyewe ni 42. Nilikaa naitazama ile karatasi. Hesabu ya darasa la tano! Mtoto wangu angeifanya.

Nilirudi na cheti. Mwaloni hakuna aliyekisoma. Aliyekisoma ni kampuni moja, sitaitaja, iliyokuwa ikikopesha taa za sola kwa malipo ya kila siku kwa simu. Wakaniajiri kama fundi wa eneo. Nikapewa kofia na simu mpya, nikajiona nimevuka.

Kumbe taa zao zilikuwa zimefungwa kwa skrubu za kichwa cha ajabu ambacho bisibisi yangu haikukishika, na nikaambiwa nisizifungue, ikiharibika niirudishe mjini ipelekwe nyingine. Kazi yangu halisi ilikuwa kudai. Mvuvi asipolipa, taa inajifunga yenyewe, na mimi ndiye wa kwenda kumweleza. Na hapa ndipo lilipo jambo ambalo mpaka leo linanikera: malipo yalikuwa ya kila siku, mwezi mzima wa kalenda. Mvuvi wa dagaa hana siku thelathini. Mbalamwezi ikiingia, hana shilingi, taa inafungwa. Giza likianza, ndipo anapotaka kwenda ziwani apate pesa, na taa imefungwa kwa sababu hana pesa. Niliandika ujumbe kwa bosi, nikaeleza kwa adabu kwamba wafuate mwezi wa angani, wavuvi walipe zaidi kwenye giza na wapumzike kwenye mbalamwezi, jumla itakuwa ile ile. Nikajibiwa kwamba mfumo wa kompyuta hauruhusu. Nilikaa nao giza tano zaidi, nikarudisha kofia.

Walinifundisha ufundi, wakaniajiri udai.

Nilipokuwa sina kazi nilialikwa semina ya siku mbili kuhusu uchumi wa kijani, yaani kazi zisizochafua mazingira. Tulipewa daftari, soda na nauli. Mwezeshaji alieleza vizuri, sikatai. Ndiko nilikosikia kwa mara ya kwanza kwamba Shirika la Kazi Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015 kuhusu mpito wa haki, yaani mtu asitupwe njiani kwa sababu nishati imebadilika. Nilipenda neno hilo. Baadaye nilisoma kwamba ajira za nishati jadidifu, ile isiyokwisha kama ya jua na upepo, duniani zilifika milioni 16.2 mwaka 2023, na karibu nusu yake ziko China. Sikushangaa, taa zote zilizopita mikononi mwangu zimeandikwa zilikozaliwa. Kazi ya kutengeneza iko kule. Ukerewe ilibaki kazi ya kuuza, na ya kukarabati kama mtu ataruhusiwa kufungua skrubu.

Basi nikafungua skrubu. Nilinunua seti ya bisibisi za kila kichwa, nikaweka meza palepale penye kibanda cha karabai. Kazi ilikuja taratibu, na haikuwa ile niliyoitarajia. Taa ya sola nzuri haiharibiki kila giza. Hili waliotufundisha hawakulisema: kitu kikiwa bora, fundi wake analala njaa. Karabai mia zililisha mafundi wawili, kijana mmoja na muuza vioo. Taa za sola mia hazimshibishi fundi mmoja. Ikabidi nitafute kazi pembezoni mwa taa. Nafungua pakiti za betri za lithiamu zilizokufa, napima seli moja moja kwa mita, nzima naziunga upya na mbovu naziweka kando. Naziba viungo kwa silikoni, kwa sababu adui wa taa za ziwani si matumizi, ni unyevu unaoingia kwenye swichi na kuacha ule ukungu wa kijani kwenye shaba. Nabadilisha plagi zao nyembamba naweka za baiskeli za umeme, nene, za kushikwa na mkono wenye magamba. Nafunga sola kwenye majumba, maduka na zahanati. Kule Ukara, kisiwa jirani, kijiji cha Bwisya kilipata gridi yake ndogo ya sola tangu mwaka 2016, na nimekwenda mara kadhaa kuwafungia watu nyaya za ndani.

Mvuvi akija sasa kuniomba taa, namkalisha chini na kalamu. Wati ngapi, saa ngapi, jua kiasi gani, mawingu siku ngapi. Kwa ile taa ya wati 6 nampa betri ya lithiamu ya ampea 12 na paneli ya wati 30. Anasema ghali. Namwonyesha betri ya ampea 7 niliyoiacha rafuni, moja ya zile kumi na moja, namsimulia. Inauza kuliko tangazo lolote.

Kuna uchafu pia, nisije nikaonekana nimekuwa mhubiri. Betri za asidi zilizokufa zilirundikana mwaloni kama mawe. Vijana walikuwa wakizipasua kwa shoka kutafuta madini ya risasi ya kuuza, asidi wakiimwaga mchangani, mita chache kutoka mama zao wanapoosha vyombo. Nilimkuta mmoja vidole vimebabuka. Sasa nazinunua zikiwa nzima, hazijapasuliwa, nazipeleka Mwanza kwa wanunuzi wa chuma chakavu zikifika gunia kadhaa. Faida yake ni nauli na chai. Yule kijana wangu wa kusafisha matangi ndiye anayezikusanya. Hakwenda kozi, anajifunza kwangu, na kwa mita ananipita.

Mama wa mafuta ya taa ndiye aliyenipa shida moyoni. Pipa lake liliuzwa kidogo kidogo, kutoka lita mia kwa jioni mpaka lita tano, mpaka siku alipokuja na faneli tupu akakaa tu kwa mazoea. Hakuna aliyemwita semina. Nilimwambia, kwa nia njema, kwamba angejifunza naye mambo ya sola. Akanitazama. "Fundi," akasema, "wewe ulikuwa mtu wa taa ukaenda kusomea taa. Mimi nilikuwa natia mafuta kwenye tangi. Kwenye sola natia nini?"

Sikuwa na jibu, na sikumpa. Alijipatia mwenyewe. Alianza kununua dagaa wabichi ndoo moja moja na kuwaanika juu ya vichanja badala ya mchangani. Dagaa wa kichanja hawana mchanga wala kinyesi cha kuku, na Mwaloni wana bei yao. Wale wanunuzi wanaopeleka Kongo wanajua tofauti kabla hujafungua mdomo wa gunia. Sasa ana vichanja tisa na wasichana wawili. Kama ukihesabu ajira za kijani hapa kwetu, mtu atakuja kunihesabu mimi mwenye cheti ukutani, na atampita yeye.

Juzi alikuja mezani kwangu na taa niliyomfungia kwenye vichanja kwa ajili ya wezi. Wadudu wa ziwa wanaifuata wingu zima, wanafia juu ya dagaa, na asubuhi anawachambua kama mchele.

"Mwanga wako huu mweupe unawaita wadudu, fundi."

Nikamwambia nitaishusha chini na kuigeuzia pembeni.

"Wewe ifanye njano," akasema. "Kama ile ya karabai."

Nimemuagizia ya njano kutoka Mwanza. Itafika na meli ya Alhamisi.